Unapoandika wasifu wa babu yako

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Ujiji hatujambo, alhamdulillahi. Bibi yako yumo kwenye eda, anakusalimu sana, na simu yoyote ikilia huuliza kama ni wewe. Baba yako na wadogo zako nao wanakusalimu.

Kikao cha familia kimekwisha na wote wamekubaliana kwamba wasifu wa babu utakaosomwa siku ya khitma ya arobaini uuandike wewe na uusome wewe. Nimefurahi, kwa sababu sikutaka kazi hii apewe mtu wa maneno matamu. Misibani tumezoea kuambiwa kwamba marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi na mtu wa watu. Maneno hayo hupewa kila anayezikwa, kwa hiyo hayamtambulishi yeyote. Babu yako ameishi miaka tisini na kitu, amefanya biashara katika nchi zote nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, amefika Makka na Dubai, ameona watoto, wajukuu na vitukuu. Maisha ya namna hiyo huandikwa kwa tarehe, mahali, bidhaa na majina, na kila sentensi iwe na karatasi au mtu wa kuishuhudia.

Karatasi zake zote zimo katika sanduku la bati chumbani kwangu: pasipoti, madaftari ya duka, barua, stakabadhi, hati za mizigo ya reli na picha. Utalifungua mwenyewe ukifika. Nakuandikia mapema ili ujue utakutana na nini na watu huwa wanakosea wapi.

Kabla hujaandika hata mstari mmoja, toa madeni. Daftari la mwisho, lile lenye jalada jeusi na mgongo mwekundu, lina safu mbili kwenye kurasa za nyuma: aliokuwa akiwadai, na waliokuwa wakimdai yeye. Jina lililokatwa kwa mstari limelipwa. Lisilokatwa huenda halijalipwa, au lililipwa siku ambayo kalamu haikuwa karibu. Wale wanaomdai wanakili wote kwenye karatasi ya peke yake, kiasi na tarehe kama vilivyoandikwa, umkabidhi mjomba wako mkubwa ambaye ndiye msimamizi wa mirathi. Utaratibu unaujua: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Imamu alitangaza makaburini kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, lakini wenzake wa Mpulungu, Zambia, na Bujumbura hawakuwepo kusikia. Safu ya wadaiwa mpe pia mjomba, ila jina la mdaiwa lisiingie kwenye wasifu kabisa. Watoto wao watakuwa wamekaa mkekani wakisikiliza.

Zishike karatasi kwa mikono mikavu. Usibandike gundi ya nailoni mahali palipochanika. Baada ya miaka michache hugeuka njano na kuondoka na wino. Usipeleke pasipoti wala picha kufunikwa plastiki dukani, maana moto wa ile mashine hauna marekebisho. Piga picha kila ukurasa kwa simu karibu na dirisha, mchana, bila mwanga wa simu, daftari likiwa limelala juu ya meza na simu ikiwa juu yake sawasawa, isiwe upande. Anza na stakabadhi za miaka ya karibuni zilizotoka kwenye mashine za joto: zile karatasi laini zinazong'aa. Hizo hufutika zenyewe hata zikiwa sandukuni, na nyingi tayari zimebaki na vivuli tu. Picha zilizogandana usizibandue. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino hutokea upande wa uso. Na bahasha za barua usiziache watoto wazichane kutafuta stempu. Muhuri wa posta ndio wenye mji na tarehe, na babu mara nyingi hakuandika tarehe ndani ya barua.

Sasa mwaka wa kuzaliwa, ambao ndio utakaoleta mabishano ya kwanza. Pasipoti zake na kitambulisho cha taifa vinasema 1 Januari 1933. Ukiiona tarehe 1 Januari kwenye hati ya mzee yeyote, jua kwamba karani aliambiwa mwaka tu, au alikadiria, akajaza siku na mwezi ili fomu isirudishwe. Kwenye msahafu wa baba yake, ukurasa wa ndani ya jalada, kumeandikwa kwa wino kwamba amezaliwa usiku wa Ijumaa, mwezi wa Rajabu, mwaka 1349. Ili kupata mwaka wa miladi kwa haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Unapata kati ya 1930 na 1931. Rajabu ni mwezi wa saba, na mwaka 1349 ulianza mwishoni mwa Mei 1930, kwa hiyo Rajabu yake iliangukia Novemba na Desemba 1930. Kumbuka pia kwamba kwa wazee siku huanza Magharibi: usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Ukiandika "Ijumaa usiku" umeshamsogeza siku moja mbele.

Wazee wa msikitini watakwambia amefariki na miaka 97, na mjomba wako atasema 92. Wazee hawakukosea, wanahesabu Hijria, ambayo ni fupi kwa siku kama 11 kila mwaka. Miaka 97 ya Hijria ni kama 94 ya miladi, na hiyo inalingana na msahafu. Mjomba anahesabu ya pasipoti. Andika kwamba alizaliwa mwishoni mwa 1930, na uongeze sentensi moja kueleza kwa nini hati zake zina mwaka mwingine. Ila cheti cha kifo kibaki na tarehe ya pasipoti. Mtu akijaribu "kurekebisha" sasa, majina na tarehe havitaoana na hati za nyumba na benki, na mirathi itakwama mahakamani.

Pasipoti ziko nne. Usihesabu mihuri ukasema ndiyo safari. Safari moja ya kwenda na kurudi huweza kuacha mihuri minne: kutoka kwetu, kuingia kwao, kutoka kwao, kuingia kwetu. Tena safari nyingi za ziwani hazimo kabisa, kwa sababu wafanyabiashara walivuka kwa vibali vya muda vya karatasi moja ambavyo vilibaki kwa maofisa. Pasipoti itakupa safari ambazo una hakika nazo, na madaftari yatakupa zilizobaki.

Majina kwenye mihuri yatakuchanganya usipojiandaa. Usumbura ndiyo Bujumbura, na mpaka 1 Julai 1962 Burundi na Rwanda zilikuwa eneo moja chini ya Wabelgiji, Ruanda-Urundi. Albertville ni Kalemie, jina lililobadilika mwaka 1966, mwaka huohuo Élisabethville ilipokuwa Lubumbashi. Muhuri wa Congo Belge ni wa kabla ya 30 Juni 1960. Ukiona Zaïre, ni kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Abercorn, upande wa Zambia, ni Mbala, na Zambia yenyewe kabla ya 24 Oktoba 1964 ni Rhodesia ya Kaskazini. Kwenye wasifu tumia jina la wakati ule na la sasa mara ya kwanza unapolitaja, kisha endelea na la sasa. Miezi ya Kifaransa nayo ina mtego wake: Juin ni Juni na Juil. ni Julai, na muhuri ukikosa wino herufi ya mwisho haionekani. Tazama mihuri ya kabla na baada yake kabla hujaamua.

Muhuri wa Jeddah una mwaka 1393. Nakuonya kwa sababu familia nzima husema babu alihiji mwaka 1973. Ukifanya ile hesabu ya haraka utapata 1973 kweli, lakini Hija iko mwezi wa kumi na mbili, na Mfungo Tatu wa 1393 uliangukia mwisho wa Desemba 1973 mpaka Januari 1974. Alisimama Arafa mwanzoni mwa Januari 1974. Andika hivyo.

Yapo madaftari 23, na hapo ndipo utakaa muda mrefu. Babu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni kwenye Kurani, mpaka mwisho wa biashara yake. Herufi moja kwa mwandiko wake husimama badala ya b na p, nyingine badala ya f na v. E na i hazitofautiani, wala o na u. Kwa hiyo Uvira, ule mji wa Congo, utaisoma Ufira, na Mpulungu utaisoma Mbulungu. Majina ya miji utayabaini. Ya watu ndiyo yatakayokushinda, hivyo kaa na yule maalimu mzee wa madrasa ya jirani, siku za asubuhi macho yake yakiwa hayajachoka.

Tarakimu zinahitaji uangalifu kuliko herufi. Maandishi yanatoka kulia, lakini namba husomwa kutoka kushoto kama zetu. Tano huandikwa kama duara dogo, ambalo jicho lako litaliita sifuri. Sifuri ni nukta tu, na nukta hufutika au huliwa na mdudu, mia ikawa kumi. Sita yao inafanana na saba yetu (7). Mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja. Ukipata jumla ya ukurasa isiyokubali, usiseme babu hakujua hesabu. Rudi uangalie matano na nukta. Yeye alijumlisha kila ukurasa chini, upande wa kushoto, na akahamisha jumla juu ya ukurasa unaofuata. Kwa hiyo kila tarakimu yenye shaka unaweza kuihakiki kwa kujumlisha upya.

Vipimo: frasila ni kama kilo 16. Korja ni vitu 20. Doti ni kanga mbili za jozi moja, kwa hiyo akiandika korja 5 za doti ni doti 100, kanga 200. Debe la mawese ni galoni 4, kama lita 18. Usibadilishe fedha za zamani kuwa za leo. Shilingi 200 za mtaji wake wa mwaka 1955 zilikuwa za Afrika Mashariki, 20 kwa pauni moja ya Uingereza, na shilingi ya Tanzania haikutoka mpaka Juni 1966. Msikilizaji hawezi kupata picha kwa hesabu hiyo. Tafuta ukurasa uleule alikoandika mtaji wake, uone bei ya debe la mawese na gunia la dagaa, kisha sema mtaji wake ulitosha kununua madebe mangapi na magunia mangapi.

Halafu kuna jambo ambalo ukilijua, daftari litakufunulia mwenendo wa maisha yake. Alinunua dagaa. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa karabai: taa huwavuta juu, wavu huwazingira. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hupotea ndani ya mbalamwezi, dagaa hutawanyika, na wavuvi hupumzika, hurekebisha nyavu na vyombo. Daftari lake linafuata tarehe za Hijria, ambazo ndizo tarehe za mwezi wenyewe. Fungua ukurasa wowote wa miaka ya hamsini au sitini utaona manunuzi yamejaa mwanzoni mwa mwezi, yanapungua kuanzia tarehe 11 au 12, yanakatika, kisha yanarudi kuanzia 18 au 19. Nafasi ile ya katikati ndiyo aliyosafirishia mali au aliyokaa nyumbani. Ukitaka kujua lini alikuwepo Ujiji, uliza mwezi ulikuwa umefikisha siku ngapi tangu uandame.

Utaona pia hasara, na hizo ziandike. Dagaa huanikwa mchangani au juani kwenye mawe, na jua likiwa kali siku moja au mbili zinatosha. Mvua ikiwakuta kabla hawajakauka huwa weusi, huchacha, hukatika vichwa, na mnunuzi wa mbali hawataki. Miezi ya masika ana mistari mingi yenye neno "wameoza" na kiasi mbele yake. Dagaa na migebuka mikavu vilikuwa vikienda mpaka miji ya migodi ya Katanga. Gunia lililofungwa likiwa na unyevu katikati lilifika huko limeharibika lote, na hasara hiyo ilikuwa juu ya aliyelifunga. Ndiyo maana katika barua zake kwa mawakala anarudia agizo lilelile: mkono uingie mpaka katikati ya gunia kabla ya kushona.

Mali ya upande wa mashariki ilikwenda kwa reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na hati zake za mizigo zimo kwenye bahasha ya khaki. Nyingi zimechanika kona yenye tarehe, lakini kichwa cha karatasi kitakusaidia. Kikisema East African Railways and Harbours ni kati ya 1948 na 1969, kabla bandari hazijatenganishwa na reli. Kikisema Tanzania Railways Corporation ni kuanzia 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Tiketi za ndege vilevile: East African Airways haikuruka tena baada ya 1977.

Mali ya kusini ilipanda Liemba. Ukitaka kuitaja meli, itaje vizuri: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande mpaka Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, ikaopolewa, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Vijiji vingi vya mwambao vilikuwa havina gati, kwa hiyo meli ilikuwa ikisimama majini na mitumbwi ikiifuata. Hapo ndipo bidhaa nyingi zilipolowa, na ndipo neno "maji" linapotokea pembeni ya orodha zake za mzigo wa Mpulungu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili ndilo ninalolitaka zaidi ya yote. Madaftari yana miandiko miwili. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya sabini, siku ambazo babu hakuwepo hazina maandishi, ila zina vijistari vya penseli, vitano vitano, cha tano kikikata vinne. Pembeni yake, kwa wino na kwa mwandiko wa babu, kuna tarakimu na majina ya bidhaa. Vijistari ni vya bibi yako. Alikuwa hajui kusoma. Aliweka safu ya sabuni, safu ya chumvi, safu ya mafuta ya taa, na babu akirudi walikaa pamoja akivigeuza kuwa hesabu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi akaingia kisomo. Kuanzia daftari la kumi na moja utakuta herufi kubwa za Kirumi, zimeandikwa kwa kukandamiza mpaka upande wa pili wa karatasi umevimba: SABUNI MICHE 6. CHUMVI PAKITI 10. Hesabu zake hazina kosa.

Chukua mwaka mmoja, tuseme 1975. Hesabu siku zenye mwandiko wa babu na siku zenye mwandiko wa bibi. Utapata kwa ushahidi alikuwa nyumbani siku ngapi na nani aliendesha duka siku zilizobaki. Iweke hesabu hiyo ndani ya wasifu. Watu watasema kwamba babu alikuwa msafiri hodari, na ni kweli, lakini mfanyabiashara asiyekuwa na mtu wa kuaminika dukani hafiki hata Uvira mara ya pili. Safari zake na duka la bibi viandike katika aya moja. Ukimweka bibi mwishoni kwenye orodha ya "ameacha mjane na watoto", utakuwa umesema uongo juu ya maisha ya wote wawili.

Hadithi za wajomba zipime kabla ya kuziandika. Mmoja husema serikali ilimchukulia babu nyumba mwaka 1967. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilifuatiwa na kutaifishwa mabenki, viwanda na makampuni makubwa. Sheria ya kuchukua majengo ya kupangisha ilikuja mwaka 1971, na iligusa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hati za nyumba hiyo zimo sandukuni, zitazame. Mwingine husema alikwenda Nairobi kwa basi mwaka 1979. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 na ukafunguliwa mwishoni mwa 1983, kwa hiyo safari hiyo ama ilikuwa ya mwaka mwingine ama ilipita njia nyingine. Usimbishie mbele ya watu. Muulize tu walikuwa wamebeba nini na walilala wapi; mwaka utajitokeza wenyewe.

Kuna kipindi ambacho wengine watataka ukiruke. Mwaka 1976 operesheni maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi ili ya ushirika yashike nafasi. Mwaka 1983, kuanzia Machi, ulikuja msako wa wahujumu uchumi, na baada ya hapo daftari lina kurasa tupu kwa miezi. Andika kwamba duka lilifungwa, na kwa muda gani. Usiandike kwa nini zaidi ya karatasi zinavyosema. Bajeti ya 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na muhuri wa kwanza wa Dubai uko mwaka uliofuata. Bila kurasa zile tupu, hakuna atakayeelewa kwa nini mtu wa miaka hamsini na nne aliacha dagaa akaanza kwenda Deira, kule Dubai, kununua vitambaa na redio.

Bibi utaongea naye baada ya Alasiri. Kwa kuwa yuko eda hatoki, na wewe ni mjukuu, huna kizuizi cha kuingia. Usizidishe dakika arobaini. Usianze na tarehe; mpe kitu mkononi, bahasha au ile kofia ya kiua, umwache aanze yeye. Simu iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isidake mtikisiko wa meza, zima mtandao ili isilie katikati, jaribu dakika moja na usikilize kabla ya kuendelea. Muulize kuhusu 1972, wakati wakimbizi wa Burundi walipoingia Kigoma, nani alilala kwetu na walikula nini. Jambo hilo hulitaja kwa mafungu tu na anastahili kulisema lote. Akinyamaza, nyamaza naye. Mama mkubwa muhoji peke yake siku nyingine. Wakikaa wawili, mmoja husimulia na mwingine huafiki.

Orodha ya watoto ndiyo inayovunja familia ikikosewa. Bibi yenu wa Buyenzi, Allah amrehemu, aliolewa na babu pale Bujumbura na akamzalia watoto wanne, na watakuja khitma. Wataje kwa mfuatano wa kuzaliwa, wote pamoja, usiwagawe kwa nyumba za mama zao. Waliofariki wadogo wataje pia. Majina yote yaandike kama yalivyo kwenye hati zao, kisha mpelekee mmoja wa kila upande aisome orodha na kuikubali kabla hujachapisha. Wajukuu na vitukuu taja idadi tu. Majina sitini yakisomwa kwenye kipaza sauti, watu huanza kuzungumza na chakula huanza kunukia.

Wasifu wenyewe usizidi maneno 900. Kwa usomaji wa utulivu ni dakika nane au tisa, na baada yako kuna dua. Chapisha kwa herufi za ukubwa wa 14 au 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zenye namba, bila kuzibana kwa pini ili usipambane nazo mkononi. Mahali penye jina gumu la Kifaransa andika pembeni linavyotamkwa. Anza na kuzaliwa, chuo na jando, ingia biashara, weka ndoa na watoto mahali pake kwa miaka, si mwishoni. Magonjwa ya mwisho yasizidi sentensi mbili. Aliyoyapitia hospitali ni yake na ya waliomuuguza. Usipandishe safari kuwa nyingi kuliko ulizozithibitisha. Ukisema "angalau", watu wataelewa.

Rasimu nitumie siku tano kabla, kisha mjomba mkubwa, kisha umsomee bibi yote kwa sauti. Atakaposema hapana, badilisha. Njoo na penseli laini, bahasha kubwa za karatasi zisizopungua ishirini (za nailoni hazifai, unyevu wa ziwa hujifungia ndani), betri ya akiba ya simu na nakala ya kalenda ya Hijria. Ukishuka Kigoma stesheni mpigie mjomba wako mdogo, atakuja kukuchukua na bajaji.

Mama yako